Uzi: Siku sita peke yangu Maskati, begi mgongoni, katika mji usio na kelele

Fundi Baridi (mtoa mada)

Ndugu zangu, salaam. Katika nyuzi nyingine za safari nimeulizwa zaidi ya mara moja kwa nini mtu wa Tanga aziache Istanbul, Bangkok na Dubai, halafu ajibebee begi akazurure peke yake Maskati, mji mkuu wa Omani, ambao hata waliofika huuelezea kwa maneno mawili tu, kwamba ni safi na ni kimya. Nimeona nijibu mara moja kwa kirefu, ili anayefikiria safari ya namna hiyo apate pa kuanzia na asirudie makosa yangu.

Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi kwa miaka 14 sasa. Nalitaja hilo mapema kwa kuwa lina uhusiano na ninachotaka kusema. Asubuhi ya kwanza, nilipotoka katika nyumba ya wageni ya Muttrah saa moja na nusu, kwanza niliona kama masikio yameziba. Hapakuwa na honi, wala kipaza sauti, wala mpiga debe, wala kijana wa kuosha magari aliyewasha redio. Nikasimama uchochoroni kama dakika mbili, ndipo nikaanza kusikia kitu ninachokifahamu vizuri kuliko watu wengi, nacho ni kompresa. Juu ya kila paa na nyuma ya kila ukuta kulikuwa na mtambo wa baridi unaounguruma kwa sauti ya chini, mamia kwa mamia, kiasi kwamba sikio lisilozoea huuchukulia ule muungurumo kuwa ndio ukimya wenyewe. Mji ule umenyamaza kwa sababu watu wake wamo ndani. Ukishalijua hilo, unaanza kujua ni saa ngapi utoke na ni saa ngapi utafute kivuli, na hapo ndipo safari ya mtu aliye peke yake na asiye na gari inapowezekana.

Nianze na umbo la mji, maana ndilo linalowaangusha wengi. Maskati haikukaa kama mji mmoja wenye katikati na pembezoni. Milima ya Hajar imeisukuma hadi baharini, na kilichobaki ni vipande vipande vya miji vilivyojipanga kando ya pwani: Maskati ya zamani yenye kasri la Al Alam, kisha Muttrah yenye bandari na soko, kisha Ruwi ya wafanyabiashara, halafu Qurum, Al Khuwair, Ghubra na kuendelea hadi Seeb, vyote vikiunganishwa na barabara kuu iitwayo Sultan Qaboos. Kutoka mwisho mmoja hadi mwingine ni makumi ya kilomita. Kwenye ramani ya simu utaona nukta mbili zilizokaribiana na kudhani utatembea, na ukifika hapo ndipo utakapogundua kwamba kati yake pana njia nane za magari, au jabali. Tena hakuna maghorofa marefu ya kukuonyesha upande gani ni mjini, kwa sababu mamlaka za huko zimebana kwa miaka mingi urefu wa majengo na hata rangi zake, hivyo kila unapogeuka unaona nyumba nyeupe na za rangi ya mchanga, fupi fupi, zinazofanana.

Basi lipo, jekundu, safi, na nauli yake ya mjini huhesabiwa kwa baisa. Kwa wasiojua, riali moja ni baisa 1,000, na riali moja hiyohiyo ni zaidi ya dola mbili na nusu za Marekani. Bei huandikwa kwa tarakimu tatu baada ya nukta. Siku ya kwanza niliona shati lina kibandiko cha 2.500, nikasema moyoni kwamba huku wameniweza, shilingi elfu mbili na mia tano kwa shati jipya. Tuache hilo.

Kosa langu kubwa lilitokea Alhamisi, siku ya tatu. Nilikwenda kuuona Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, ambao wasio Waislamu huruhusiwa kuingia asubuhi tu, kuanzia saa mbili hadi saa tano, siku zote isipokuwa Ijumaa. Watu husifu zulia la ukumbi wa sala, lenye uzito wa tani 21 na lililofumwa na mamia ya wanawake wa Iran kwa miaka minne, na kwa kweli sifa hizo linastahili. Mimi nilitumia muda mwingi kutafuta baridi ile ilikuwa inatoka wapi. Ukumbi unaobeba maelfu ya watu ulikuwa na ubaridi uliosambaa sawasawa, hakuna feni inayolia, hakuna kasha la plastiki lililoning'inizwa ukutani, hakuna alama ya maji yaliyovuja. Nilizunguka nikiwa nimeinua shingo hadi mlinzi mmoja akadhani natazama taa, akanisogelea kunielekeza mahali pazuri pa kuipigia picha.

Nilipotoka nikafanya jambo ambalo mtu yeyote wa Tanzania, Kenya au Uganda anaweza kulifanya. Kwetu magari hukaa kushoto, kwao hukaa kulia. Mwili wangu ukanipeleka kwenye daraja la waenda kwa miguu, nikavuka barabara kuu bila haja yoyote, nikasimama kwenye kituo ambacho kwa mazoea ya miaka 36 kilikuwa upande sahihi, nikapanda basi la kwanza lililosimama na kulala. Nilizinduka uwanja wa ndege ukipita dirishani. Nilikuwa naelekea Mabela, mwisho mwingine kabisa wa mji, wakati kitanda changu kiko Muttrah.

Nilishuka nisipopajua, saa saba mchana. Na hapo ndipo kosa la pili likalikuta la kwanza, kwa sababu maduka ya Maskati hufungwa mchana, kuanzia kama saa saba hadi saa kumi hivi, na mtaa mzima ukawa umeteremsha malango yake ya chuma. Ilikuwa Januari, wala joto halikuwa la kutisha, lakini hapakuwa na binadamu. Nikakaa kwenye baraza ya duka la mshona nguo, begi miguuni, maji yamebaki robo chupa. Juu ya kichwa changu kulikuwa na kiyoyozi cha dirishani chenye beringi ya feni iliyokwisha. Kilikuwa kinasaga, kinanyamaza, kinasaga tena. Kwa dakika 40 sikuwa na mwenzangu ila yeye.

Hatimaye lango likainuliwa kidogo, akatoka mshonaji mwenyewe, Mhindi wa Kerala aliyekuwa amelala humo ndani. Hakujua Kiswahili wala mimi lugha yake, lakini neno chai lilituunganisha, na neno duka pia, na kwa vidole nikamweleza habari ya beringi yake. Akaelewa mara moja, akaleta bisibisi. Nikakataa kuigusa, kwa sababu visa yangu ilikuwa ya matembezi na nilikwishasoma maneno yake yote, ila nilimwonyesha kwa kalamu kwenye karatasi ya kukatia vitambaa wapi pa kufungua na ukubwa gani wa beringi aulizie. Akaniwekea glasi ya chai ya maziwa yenye iliki, kisha akanifikisha kituoni, upande sahihi.

Nitaendelea na habari za Muttrah baada ya kula.

Mpenda Dubai

Mtoa mada, nakusoma kwa makini, lakini niruhusu nikuulize kwa heshima. Hayo uliyoyaeleza mpaka sasa ni kupotea njia na kukaa mbele ya duka lililofungwa. Mtu akiwa na siku 6 tu za likizo na akiba aliyoikusanya kwa shida, kwa nini azitumie mahali ambapo mchana hakuna kitu? Na je, nyumba za wageni za bei nafuu zipo, au ni mji wa matajiri wenye magari?

Fundi Baridi (mtoa mada)

Swali ni la haki. Hosteli za wasafiri wa mabegi ni chache kule kuliko katika miji niliyowahi kufika, na kitanda kilinigharimu kuliko chakula cha siku mbili. Chakula hakikunisumbua, kwa sababu migahawa midogo ya Wahindi na Wapakistani ipo Muttrah na Ruwi, unashiba wali na dengu kwa pesa ndogo, na chai ilikuwa baisa 100. Teksi ndizo zinazokula akiba. Hizo za rangi nyeupe na chungwa mpatane kwanza, na useme wazi kama unataka kiti kimoja au gari zima, maana mimi siku ya kwanza nililipia viti vyote vinne nikiwa nimekaa kimoja.

Kuhusu mchana, nilibadilisha ratiba baada ya Mabela. Nikawa naamka alfajiri, natembea hadi saa nne na nusu au tano, narudi kulala mchana kama wenyeji, kisha natoka saa kumi na moja nikae nje hadi saa nne usiku. Mji uliokuwa umekufa saa saba ulikuwa na watoto, baiskeli na kinamama ufukweni saa mbili usiku. Kama ningeshikilia saa zangu za Tanga, ningerudi nyumbani niseme sikuona watu.

Matembezi niliyoyapenda kuliko yote ni ya njia ya mlimani kutoka Riyam kwenda Muttrah. Unaanzia karibu na bustani yenye chetezo kikubwa cheupe juu ya mwamba, kile kinachoonekana kutoka kila upande wa bandari, unapanda ngazi za mawe, na kuanzia hapo unafuata alama za rangi ya njano, nyeupe na nyekundu zilizopakwa kwenye miamba. Hakuna mti. Mawe ni ya kahawia iliyoiva, yanakatika kwa ncha, na ukifika juu unaiona bahari upande mmoja na upande mwingine bonde kavu lenye kuta za nyumba zilizohamwa zamani. Nilianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikateremkia nyuma ya nyumba za Muttrah kabla ya saa tatu, na njiani sikukutana na mtu ila mbuzi watatu. Mtu aliye peke yake asiende huko bila maji ya kutosha, na amwachie mwenye nyumba ya wageni taarifa, kwa sababu mguu ukiteguka pale bondeni hakuna atakayekusikia.

Jioni ya siku hiyohiyo nilikaa kwenye benchi la barabara ya ufukweni, wanayoiita Kornishi, nikampigia mama simu. Nilikuwa nimebeba begi lote kwa sababu ya kuhama chumba, nikamwambia kwa Kiswahili changu cha nyumbani, bila kupunguza sauti, kwamba begi linanikata mabega, kwamba mji huu watu wake hawasemi, na kwamba mzee aliyekaa hapa pembeni yangu tangu magharibi hata salamu hajatoa. Mzee yule alikuwa amevaa kanzu nyeupe na kofia iliyotariziwa, tasbihi mkononi, anaangalia jahazi za mapambo. Nilipokata simu akanigeukia taratibu.

"Mwanangu, hilo begi umelifunga kama gunia la nazi. Begi si gunia. Vuta mkanda wa kiunoni kwanza, wa mabegani uje baadaye."

Nilitamani benchi linimeze. Nikasema shikamoo mzee wangu, akasema marahaba, na nikaanza kuomba radhi, akanyanyua mkono kunikataza. Alisema alizaliwa Wete, kisiwani Pemba, akatoka huko akiwa mtoto, na akaingia Maskati baada ya mwaka 1970, Sultan Qaboos alipotawala na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi kujenga nchi. Hakuniuliza habari za siasa wala za bei ya vitu. Aliuliza kama mashua bado zinatoka Tanga kwenda Wete. Nilipomjibu kwamba jahazi za mizigo bado zinakwenda, akanyamaza kwa muda, kisha akauliza hivi sasa zinafungwa upande gani wa gati, nami nikalazimika kukiri kwamba nimeishi Tanga maisha yangu yote na sijawahi kuangalia.

Binti Marangu

Kaka Fundi, umeandika vizuri, na ninaomba niongeze upande ambao hukuuona, nadhani kwa sababu wewe ni mwanamume. Mimi pia nilikwenda Maskati peke yangu, siku 5, nikiwa na begi la mgongoni la lita 40. Usalama wenyewe sina la kulalamikia. Nilitembea Kornishi saa tatu usiku bila mtu kunigusa wala kuniita, na kwenye basi dereva mwenyewe alinionyesha viti vya mbele walikokaa wanawake.

Lakini ukimya wako wewe ulikuwa wa kutokuonekana, wangu ulikuwa wa kutazamwa. Mwanamke mweusi kutoka kwetu, akiwa peke yake, akiwa na begi kubwa, katika nchi ambako maelfu ya wanawake wa Tanzania, Kenya na Uganda wanafanya kazi za ndani, hachukuliwi kuwa mtalii. Katika nyumba ya wageni moja, ambayo sitaitaja, kijana wa mapokezi aliniuliza mara tatu ninafanya kazi kwa nani na kama bosi wangu anajua kwamba niko pale. Nilimwonyesha pasipoti, visa ya matembezi, tiketi ya kurudi na malipo niliyokwishayafanya. Akavitazama vyote kwa adabu, kisha akampigia simu mtu mwingine kumuuliza kama anaweza kunipa ufunguo. Nilisimama pale dakika 25. Hakuna aliyepaza sauti, hakuna aliyenitukana, kila kitu kilikwenda kimyakimya, na hilo ndilo lililoniumiza, kwa sababu sikupata hata neno la kulijibu.

Ijumaa jioni nilikwenda Ruwi, na huko nikawakuta dada zetu wenye ruhusa ya kutoka siku hiyo. Tulikaa kwenye ukuta mfupi karibu na duka la simu, wanne kutoka mikoa tofauti ya Tanzania na mmoja wa Mombasa. Mmoja wao alikuwa na miaka 3 Maskati na hajawahi kuufika msikiti ule mkubwa wala soko la Muttrah isipokuwa kupitia kwenye gari la mwajiri. Akaniomba nimwonyeshe picha zangu. Aliziangalia moja baada ya nyingine, akisimama kwenye kila moja, na alipofika kwenye picha ya bahari akasema, "Kumbe pale nyuma ya ile nyumba ndefu ndiko kuna njia ya kushukia." Nyumba aliyokuwa anafanya kazi ilikuwa ng'ambo ya barabara ile.

Ushauri wangu kwa wanawake ni kwamba twendeni, lakini tuchapishe karatasi zote, si za kwenye simu tu, na tuweke juu ya begi si chini.

Mkaazi wa Ghuba

Assalamu alaykum. Nimeishi Maskati zaidi ya miaka kumi, nyumbani kwetu ni Mombasa. Aliyoyasema dada wa Marangu ni kweli, na huwapata hata wake zetu wenye vibali vya ukaazi wakitoka bila sisi. Asitafutiwe tafsiri ya kumpunguzia uzito.

Kwa mtoa mada nina masahihisho mawili. La kwanza, umesema watu wamo ndani kwa sababu ya baridi ya mitambo. Hiyo ni nusu. Hata zamani kabla ya umeme mchana ulikuwa wa kulala, na familia zenye uwezo zilihamia mashambani kwenye mitende wakati wa joto. Njoo Juni, joto likipita nyuzi 40 na unyevu wa bahari juu yake, ndipo utajua kwamba kulala mchana ni akili wala si uvivu. Msafiri wa begi aje kati ya Novemba na Machi, na akija Ramadhani ajue kwamba kula na kunywa hadharani mchana ni kosa kisheria, kwa Mwislamu na asiye Mwislamu.

La pili, umepita Maskati ya zamani kwa mstari mmoja, na ndiko ukimya wake ulipo hasa. Simama mbele ya kasri la Al Alam jioni utazame ngome mbili zilizoibana ghuba, Al Jalali na Al Mirani. Wareno walioziimarisha katika miaka ya 1580 ndio haohao walioanza kujenga Ngome ya Yesu kwetu Mombasa mwaka 1593. Walifukuzwa Maskati mwaka 1650 na Mombasa mwaka 1698, na katika safari zote mbili waliowafukuza walikuwa Waomani. Kijana wa Mombasa akisimama pale hahitaji mwongozaji, kwa sababu jiwe lile na ukuta ule analijua umbo lake tangu shule ya msingi. Mkabala na kasri kuna Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 2016, na siku niliyokwenda tulikuwa wageni wasiozidi kumi katika jengo zima. Nilikaa mbele ya vyombo vya jahazi hadi mlinzi akaja kuniuliza kama nimepatwa na kizunguzungu.

Na tafadhali, wasafiri wenzangu, msiseme ovyo kwa Kiswahili hadharani mkidhani hamwelewani na mtu. Sokoni Muttrah, hospitalini, kwenye ofisi za serikali, utakuta mama aliyevaa baibui anakuchungulia huku akicheka, kumbe amekuelewa tangu neno la kwanza. Wapo waliozaliwa Unguja, wapo waliozaliwa hapa na kulelewa na bibi asiyezungumza lugha nyingine nyumbani. Halua mnayoiona ikikorogwa hapa na ile ya Unguja ni ndugu, na mishkaki inauzwa barabarani usiku kwa jina hilohilo karibu.

Fundi Baridi (mtoa mada)

Mkaazi wa Ghuba, nimeyapokea masahihisho yote mawili. Maskati ya zamani niliipita nikiwa na njaa, saa sita na nusu mchana, na haki yake sikuipa.

Dada wa Marangu, nimeusoma ujumbe wako mara mbili, na nimerudi kuusoma ule wa kwanza wa kwangu. Niliandika kwamba nilikaa dakika 40 kwenye baraza ya duka la mtu lililofungwa, begi miguuni, na nikalieleza kama kichekesho. Ni kweli kwamba hakuna aliyeniuliza ninafanya kazi kwa nani. Mimi pia ni mweusi na nilikuwa na begi, lakini mwanamume wa kigeni aliyekaa mbele ya duka mchana ni kitu cha kawaida katika mitaa ile, mafundi na vibarua wa kila taifa hukaa hivyo wakisubiri gari. Nilichokiita amani kwa sehemu kubwa kilikuwa ni kufanana na watu wengine. Siufuti uzi kwa sababu hiyo, ila anayeusoma aanze na ujumbe wako ndipo aje kwenye wangu.

Nami Ijumaa nilikuwa Ruwi, pengine kwenye ukuta uleule. Asubuhi palikuwa pamefungwa kama makaburini, mabasi yanapita kwa nadra, na baada ya sala mji ukaanza kujaa kidogokidogo hadi jioni pakawa hapapitiki, Wahindi, Wabengali, Wafilipino na watu wetu, kila kundi na kona yake, kila mtu na simu sikioni. Ile ndiyo kelele pekee niliyoisikia Maskati kwa siku 6, na ilikuwa kelele ya watu wanaozungumza na nyumbani kwao.

Mpenda Dubai

Nashukuru kwa majibu, na nimeanza kulegea. Swali la mwisho kabla sijaangalia tiketi: begi lako lilikuwa na uzito gani, na kati ya ulivyobeba ni vipi usingebeba tena? Mimi mgongo wangu hauna nguvu sana.

Fundi Baridi (mtoa mada)

Uwanja wa ndege lilipimwa kilo 13, ambazo ni nyingi mno kwa siku 6. Nisingebeba tena jaketi zito, kwa sababu usiku wa Januari shati la mikono mirefu linatosha. Nisingebeba viatu vya pili. Nisingebeba mikebe minne ya samaki niliyoitoa Tanga kwa kuogopa bei za chakula, halafu nikairudisha mitatu. Ningeongeza chupa ya pili ya maji, kofia yenye ukingo mpana, na suruali nyingine ndefu, kwa maana kaptura utaiona aibu mwenyewe ukiingia sokoni au ofisini.

Kuhusu mgongo, fuata maneno ya mzee wa Wete, maana nilijaribu palepale akinitazama. Legeza mikanda ya mabegani yote, inama kidogo mbele, funga mkanda wa kiunoni juu ya mifupa ya nyonga hadi ukaze kweli, kisha simama wima ndipo uvute ya mabegani, kidogo tu. Uzito unashuka mabegani unakaa kiunoni, kama mama anavyobeba mtoto. Nilitembea naye hivyo hadi mwisho wa Kornishi, yeye na tasbihi yake, mimi na gunia langu lililokwisha kuwa begi. Tangu nirudi nimekwenda bandarini mara mbili kutazama jahazi za Wete zinafungwa upande gani wa gati. Mara ya kwanza hapakuwa na hata moja. Mara ya pili ilikuwapo moja, imefungwa upande wa kusini, inapakia saruji na magodoro, nikaipiga picha. Namba ya simu ya mzee sikuichukua.

Mkaazi wa Ghuba, kama jioni huwa unapita Kornishi, yeye hukaa benchi la tatu ukitokea upande wa soko la samaki, baada ya magharibi.